Hamsini na Moja: Wasifu wa Marehemu Mama Pindo

Ndugu, majirani, wanamichezo, na ninyi viongozi wa Ligi mliokaa viti vya mbele kulia. Kabla sijaanza, fungueni ukurasa wa pili wa karatasi mliyopewa pale getini. Wasifu uliochapishwa hapo si ule niliouandika. Wangu ulikuwa na aya nyingi kuliko hizo, na uliporudi kutoka kwa mpiga chapa jana saa nne asubuhi ulikuwa umepungua katikati, na mwaka mmoja umebadilishwa. Ligi ilijitolea kutuchapia ratiba ya mazishi, tukashukuru, na bado tunashukuru, maana karatasi ni nzito na picha ya marehemu imetoka vizuri. Lakini mimi nitasoma wangu. Mkitaka kunifuata kwenye karatasi mtapotea, kwa hiyo ziwekeni mapajani. Tutazirudia mwishoni.

Mimi ni mdogo wake wa kumfuata. Nimefundisha hesabu shule ya msingi miaka thelathini na moja, sasa nimestaafu. Nasema hivyo mapema kwa sababu ugomvi uliopo hapa ni wa hesabu, wala si wa kitu kingine.

Marehemu alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Machi 1949, akiwa mtoto wa pili kati ya sita. Baba yetu alikuwa seremala wa karakana ya reli, mama yetu alikuwa mkunga. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili na kibaraza, na cherehani ya mama ilikaa kibarazani kwa sababu ndani haikuenea. Dada alijifunza kuiendesha kabla miguu yake haijafika kwenye pedali vizuri. Akiwa na miaka saba alipunguza suruali ya baba bila kuombwa, kwa kuwa aliona inaburuta. Alipunguza mguu mmoja tu, akaitwa kula, akasahau wa pili. Baba alienda nayo kazini hivyo hivyo, na alipoulizwa akasema binti yake bado anaendelea na kazi.

Alianza darasa la kwanza Januari 1957 na kumaliza la saba Novemba 1963. Sitaficha kitu: dada hakuwa hodari wa hesabu darasani. Mtihani wa mwisho alipata alama thelathini na mbili kwa mia. Mazoezi yake ya nyumbani nilikuwa nayafanya mimi niliyekuwa madarasa mawili nyuma yake, naye akinishonea magauni. Hili nalitaja kwa sababu kiongozi mmoja wa Ligi, aliyepo hapa, aliwahi kusema mbele za watu kwamba mama huyu hajui hata kuhesabu. Ukimpa sehemu na desimali, kweli alikuwa anatoka jasho. Ukimpa suruali mia za kiwandani apunguze kila moja kwa vidole viwili, hukuti hata moja iliyozidi.

Mwaka 1964 na 1965 alisoma ufundi wa kushona, akapata cheti. Alifanya kazi kiwanda cha sare hadi 1971, alipofungua chumba chake mwenyewe mbele ya geti namba tatu la uwanja wa mpira. Mnaokifahamu mnajua kilivyo: meza ya kukatia inakula nusu ya chumba, cherehani iko dirishani, na mkasi hauwekwi popote, alikuwa anauvaa shingoni kwa utepe. Mteja alikuwa anapimiwa mlangoni kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi ya kunyoosha mikono. Watu wazima wenye heshima zao wamepimwa viuno mbele ya wapita njia, na hakuna aliyethubutu kulalamika.

Sasa nafika pale ambapo karatasi yenu ina pengo.

Jumapili, tarehe 9 Desemba 1973, ilikuwa siku ya mwisho ya msimu. Bingwa alikuwa ameshapatikana, kombe lilikuwa mezani, na uwanja ulikuwa umejaa. Timu ya wageni haikufika. Daraja lilikuwa limekatika na basi lao lilikuwa upande wa pili wa mto. Watu wakaanza kupiga mabati. Nahodha wa mabingwa akachukua kipaza sauti, na kwa kuwa wachezaji wengi wa timu nyingine walikuja siku hiyo kutazama kombe likikabidhiwa, akaanza kuwaita kutoka jukwaani. Akaita kumi na mmoja, kwa majina, kutoka timu saba. Akasema: hawa ndio bora wa msimu huu, tutacheza nao. Walishuka na suruali zao za kutokea na viatu vya kuazima. Refa akasema bila jezi za rangi moja hapulizi filimbi.

Siku hiyo dada alikuwa chini ya jukwaa, kwenye ukumbi wa mikutano wa Ligi. Mapazia mapya ya ukumbi yalikuwa yameletwa marefu mno, na yeye alipewa kazi ya kuyapunguza. Alikuwa na mapazia sita mezani, ya kijani, yenye bitana nyeupe, na cherehani yake aliivukisha barabara asubuhi ile kwa mkokoteni. Nahodha akaingia anahema.

"Dada, tunataka jezi kumi na moja."

"Za lini?"

"Za sasa hivi."

"Kitambaa kiko wapi?"

Nahodha akayatazama mapazia. Dada naye akayatazama.

"Haya ni ya watu," akasema dada.

"Na hao wanaopiga mabati kule nje si watu?"

Alikata. Kila pazia lilitoa fulana mbili, zisizo na mikono wala kola, tundu la kichwa na mishono miwili ya ubavuni. Namba alizikata kutoka kwenye bitana. Alitumia saa moja na dakika arobaini. Mechi ilianza saa kumi na moja na dakika kumi, vipindi vya dakika thelathini na tano ili giza lisiwakute, na wateule wakawafunga mabingwa tatu kwa mbili. Hiyo ndiyo Mechi ya Nyota ya kwanza. Nilikuwepo. Nilikaa jukwaa la mashariki, mstari wa nne, na vumbi la kitambaa cha kijani lilikuwa bado mikononi mwangu kwa sababu mimi ndiye niliyemshikia upande wa pili.

Siku tano baadaye Ligi ilimwandikia barua. Barua hiyo aliiweka kwenye droo ya cherehani miaka yote, na leo ninayo. Inasema: "Unatakiwa kurejesha mapazia sita ya kijani, mali ya Ligi, uliyoyakata bila kibali tarehe 9 Desemba 1973 ili kuwavisha wachezaji teule katika mchezo uliofanyika uwanjani siku hiyo." Ina muhuri na sahihi. Dada alishona mapazia mengine sita kwa kitambaa chake, akayapeleka Januari, na safari hii urefu ulikuwa sawasawa. Yalining'inia pale ukumbini hadi mwaka 1990.

Kwa haraka ile dada alifanya kosa moja. Mshambuliaji alitakiwa kuvaa tisa, na tisa ile ikashonwa kichwa chini. Kwa hiyo uwanjani kulikuwa na sita mbili. Mshambuliaji ndiye aliyefunga goli la tatu, na gazeti la kesho yake likaandika limefungwa na namba sita, yaani beki, ambaye hakuona sababu ya kukanusha. Mshambuliaji akaja dukani Jumatatu na fulana mkononi.

"Umenigeuza beki," akasema.

"Geuza fulana."

"Nikiigeuza, kichwa nitokezee wapi?"

Dada alicheka mpaka akaweka mkasi chini, jambo ambalo hakuwa analifanya. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 23 Agosti 1975. Mtaa mzima ulimwita shemeji yangu Tisa, na kila ilipotajwa mechi ile aliinuka kueleza goli lilivyofungwa, kuanzia pasi ya kwanza. Hatukumkatiza. Walipata watoto watatu. Shemeji Tisa alitangulia mbele za haki mwaka 2009, na kwenye kaburi lake dada aliagiza iandikwe namba tisa, akasimama pale mpaka fundi alipomaliza kuichonga, kuhakikisha imekaa wima.

Mwaka 1974 wachezaji wenyewe waliamua kurudia: bingwa dhidi ya wateule wa timu nyingine zote, Jumapili ya mwisho ya msimu. Safari hii walileta kitambaa. Dada alishona jezi za mikono na kola, na ndani ya pindo la chini, mahali ambapo jezi huingia kwenye bukta na hakuna anayepaona, akashona kwa mkono namba 2 kwa uzi wa kijani uliobaki kwenye yale mapazia. Nilimuuliza ya nini. Akasema, "Ili wasije wakasahau ni ya ngapi." Mwaka uliofuata akashona 3. Uzi ulipokwisha alinunua mwingine wa rangi ile ile, na rangi hiyo ilipoadimika aliniagiza niizungukie mji mzima. Hapo ndipo alipopata jina la Mama Pindo, ingawa wengi walidhani ni kwa sababu ya suruali.

Mwaka 1982 Ligi iliichukua mechi. Wakaja wadhamini, wakaja watangazaji, na bango likabandikwa ukutani mkabala na duka lake: Mechi ya Kwanza ya Nyota wa Ligi. Dada alilisoma akiwa amekaa kwenye cherehani. Akatoka na chaki ya fundi, akafuta neno "kwanza" kwa mstari mmoja, akaandika juu yake "kumi". Mvua ikafuta. Akaandika tena. Kuanzia mwaka huo mechi imekuwa na namba mbili, ya bango na ya pindo, na tofauti kati yake ni tisa. Toa 1972 kwenye mwaka wowote unapata ya dada. Toa 1981 unapata ya Ligi. Watoto wa darasa la tatu wanaweza.

Mtaniambia tisa ni namba tu. Ndivyo nilivyomwambia hata mimi, na aliacha kusema nami siku mbili. Katika mechi zile tisa walicheza wateule hamsini na wanne. Nimewahesabu kutoka kwenye daftari lake. Kama mechi hazikuwepo, basi watu hamsini na wanne hawakuwahi kuwa nyota. Kuna waliocheza mechi zile na nyingine za baadaye, hao hawana shida. Lakini kuna kipa aliyeitwa Kufuli. Kufuli alidaka mechi moja tu ya Nyota, ile ya mapazia, akiwa na namba moja mgongoni. Machi iliyofuata aligongana na mshambuliaji, goti likavunjika, mpira ukaishia hapo. Maisha yake yote yaliyofuata amekuwa mlinzi wa ghala.

Mwaka 2007 Ligi ilitoa kitabu kizuri cha kuadhimisha miaka ishirini na mitano ya Mechi ya Nyota, chenye majina ya wote waliowahi kuchaguliwa. Kufuli alikuja dukani na kitabu hicho ndani ya mfuko wa plastiki. Mjukuu wake alikuwa amekisoma chote, akamuuliza, "Babu, mbona haumo?" Kufuli akakiweka juu ya meza ya kukatia.

"Mama Pindo," akasema, "hebu niambie. Mimi nilicheza au niliota?"

Dada alifunga duka mchana kweupe, kitu ambacho hakukifanya hata alipokuwa na mimba. Alichukua barua kwenye droo, akamshika Kufuli mkono, wakavuka barabara hadi ofisi za Ligi. Katibu wa wakati huo ndiye mwenyekiti wa leo. Aliisoma barua mara mbili, akairudisha.

"Mama, barua hii inahusu mapazia. Haihusu mechi."

"Mapazia yalikatwa ya nini?"

"Hilo siwezi kujua."

"Soma mstari wa tatu."

"Nimeusoma. Kumbukumbu zetu zinaanza 1982. Na samahani, mama, wanasema hata shuleni hesabu ilikusumbua."

Dada aliikunja barua. Alimrudisha Kufuli hadi mlangoni kwake, akamwambia, "Utaingia humo. Sitakufa kabla." Hilo ndilo neno pekee ambalo hakulitimiza, na ndilo lililonifanya nisikubali kusoma karatasi ya mpiga chapa.

Tangu 1998 jezi za Nyota zilikuwa zinaletwa tayari kutoka nje, zimefungwa kwenye maboksi, na dada hakuwa na kazi tena. Ndivyo Ligi ilivyodhani. Mtunza jezi alikuwa anapita dukani kila mwaka na begi zima, kwa madai kwamba mikono inahitaji kubanwa kidogo. Mikono haikuhitaji kubanwa. Mwaka 2006 winga mmoja aliyeteuliwa kwa mara ya kwanza alikuja kumuuliza.

"Mama, bango linasema ya ishirini na tano. Kwenye pindo langu kuna thelathini na nne. Ni namba ya kiwandani?"

"Kaa," dada akamwambia, na akamsimulia. Winga yule alisimulia wenzake. Tangu hapo wateule wakitoka kwenye njia ya kuingilia uwanjani hushika pindo kwa vidole viwili kabla ya kukanyaga nyasi. Watangazaji husema wanaomba baraka. Wanasoma namba.

Mwaka 2011 katibu aligundua. Alikuja dukani, akasimama mlangoni panapopimiwa viuno.

"Mama, unatuharibia jezi."

"Nimeharibu wapi? Nionyeshe."

"Hizi namba za ndani."

"Ndani ni ndani, mwanangu. Nje si mmeandika yenu?"

Katibu alitoa kisu kidogo mfukoni, akaanza kufumua pindo moja pale pale. Kitambaa cha siku hizi ni chepesi. Kikachanika kutoka kwenye pindo hadi kwapani. Jioni ile beki wa kushoto alicheza mbele ya kamera na jezi iliyoshikizwa kwa pini tatu, na hakuna aliyerudi tena na kisu. Naongeza, kwa haki, kwamba mwenyekiti si mtu mbaya. Alikuja hospitalini na maua. Alizungumza na marehemu kwa adabu kuhusu hali ya hewa, na kuhusu kitabu hakusema kitu.

Februari 2022 marehemu alipata kiharusi chepesi, mkono wa kushoto ukafa ganzi. Mwaka huo alishona 50 kwa mkono mmoja, mimi nikivuta kitambaa. Mei mwaka huu moyo nao ukaanza kuchoka. Daktari alimwambia asifanye kazi. Akamuuliza daktari kama kushona namba mbili ndogo kwenye jezi ishirini ni kazi. Daktari, ambaye hakujua anaongea na nani, akasema hapana.

Septemba mtunza jezi alileta begi kitandani kwake. Tulikuwa tunafanya jezi moja kwa siku, asubuhi, dirisha likiwa wazi, mto chini ya kiwiko chake. Siku ya kumi na tatu nilitazama pindo nikaona ameshona 15.

"Dada, umegeuza. Ni hamsini na moja."

Aliisogeza karibu na macho, akaitazama muda mrefu. Nilifikiri atalia. Tangu ile tisa ya shemeji hakuwahi kugeuza namba tena.

"Mwalimu," akasema, "si kazi yako kusahihisha? Sahihisha."

Akanifundisha kufumua. Huanzi kwenye fundo, unaanza katikati, na huvuti uzi, unauinua. Ilinichukua asubuhi nzima na alinigombeza mara nne. Kisha akaniachia sindano nishone mwenyewe. Kwa hiyo kati ya jezi ishirini za mwaka huu kuna moja yenye 51 iliyoshonwa na mwalimu wa hesabu, na mishono yake inatia aibu. Atakayeivaa anisamehe. Tulimaliza tarehe 2 Oktoba.

Marehemu alifariki Alhamisi, tarehe 16 Novemba 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, hospitalini, binti yake akiwa amemshika mkono wa kulia. Usiku wa kabla yake alikula vizuri na kumlalamikia muuguzi kuhusu pindo la shuka la hospitali, kwamba limeshonwa na mtu asiyependa kazi. Alikuwa na miaka sabini na minne. Niliomboleza, bado naomboleza, na hasira niliyonayo leo isiwafanye mdhani sina machozi. Ninayo. Nimeyaahirisha mpaka nimalize kusoma.

Mapazia sita yalitoa fulana kumi na mbili, na wachezaji walikuwa kumi na mmoja. Ile ya kumi na mbili haikupata mwenyewe, ikakaa kabatini miaka hamsini bila namba. Leo ameivaa. Wanawe waliulizana namba ya kumshonea mgongoni, nikawaambia waiache.

Sasa chukueni karatasi zenu. Binti wa marehemu anapitisha kalamu nyekundu, moja kwa kila mstari wa viti. Ukurasa wa pili, aya ya nne, pameandikwa "alianza kushona jezi za Nyota mwaka 1982, katika mechi ya kwanza." Kateni 1982, andikeni 1973. Mkimaliza mpeni aliye karibu. Viongozi, kalamu yenu ndiyo hiyo inakuja.

Hapa kwenye karatasi yangu nimeandika: ngoja Kufuli asimame. Mzee, huna haraka, goti hilo tunalijua. Wengine tukae. Mnaomtazama, huyu ndiye kipa wa Mechi ya Nyota ya kwanza. Fulana aliyoikunja mkononi ni ya kijani, ina namba moja nyeupe, na ukiipapasa utaona ni pazia. Mjukuu wake yuko nyuma yake. Kijana, babu yako hakuota. Mwenyekiti, mwenye haki ya kuingia kitabuni amesimama mbele yako, ana miaka themanini, na barua yenye muhuri wenu ninayo mkobani. Nitaileta ofisini Jumatatu, na Jumatatu itakayofuata nitaileta tena. Mimi sina duka la kufungua wala kufunga.

Jambo la mwisho kwa Ligi. Mechi ni Jumapili, tarehe 10 Desemba. Jezi ishirini ziko stoo kwenu, na ndani ya kila pindo kuna 51, wakati bango lenu linasema 42. Mnaweza kuamua kuzifumua. Aliyejua kufumua bila kuchana kitambaa yumo ndani ya jeneza hili. Aliyefundishwa naye ni mimi, na mimi nimestaafu kufundisha.

Marehemu ameacha watoto watatu: fundi wa kuchomelea, muuguzi na dereva wa basi, wakwe wawili, wajukuu saba na kitukuu mmoja, wadogo wanne, pamoja nami, mtunza jezi mmoja mwaminifu, na kati ya nyota wale hamsini na wanne, kumi na tisa walio hai, ambao nane kati yao ndio watakaombeba sasa hivi.

Pumzika kwa amani, dada. Hesabu yako nimeisahihisha yote, kuanzia moja. Umepata.